Tuta la kiangazi

Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuna theluji. Watu wa Ulaya wanafunika bustani zao kwa majani kabla ya majira ya baridi. Sisi tunajitayarisha kwa kiangazi. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, asubuhi kuna ukungu na baridi, mchana jua linakausha udongo mpaka unapasuka. Ila kazi ni moja: kuulinda udongo kabla wakati mgumu haujafika.

Kazi hii wazee hawakuiandika popote. Mama yangu, Mbangubangu wa upande wa Kabambare, aliipokea kwa mama yake, akaja nayo Kasongo alipoolewa. Alikuwa anaanza katikati ya Mei, wakati mvua za mwisho zingali zinanyesha. Anashuka bondeni, karibu na kijito kisichokauka. Anafyeka majani, lakini hachomi. Anayafukia pamoja na mavi ya mbuzi na majivu kidogo ya jikoni, anaacha wiki mbili yaoze. Ndiyo sababu haifai kungoja mvua ikatike: katika udongo mkavu majani hayaozi.

Halafu kuna umbo. Tuta la mvua linainuliwa ili maji yatoke, mizizi isioze. Tuta la kiangazi linashushwa: katikati panakuwa chini kidogo, kandokando udongo unasimama kama ukingo wa sahani, ili maji ya kumwagilia yabaki ndani. Mbegu za lengalenga ni ndogo sana. Anazichanganya na mchanga zisianguke zote pamoja. Mwisho anatandaza makapi ya mpunga, yale yanayotupwa kwenye mashini ya kukoboa. Mpunga wenyewe ulienea Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa akina Tippo Tip, ambao Kasongo ilikuwa mji wao hadi Aprili 1893. Wakati ule ulikuwa mchungu, watu waliuzwa kama mali. Mpunga ulibaki, na hata makapi yake yako na kazi.

Mimi nilidharau hayo yote. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nimetoka chuo cha ualimu na diploma yangu, nilingoja likizo kubwa ya Julai. Nikachoma majani, nikainua matuta marefu, yamenyooka kama mistari ya daftari. Majirani walisifu. Mama alikuja, akatazama, akauliza: «Mwalimu, hii tuta unatengenezea mvua gani?»

Nilicheka. Kila jioni nilibeba maji, bidoni nane, kumi, na maji yaliteremka pembeni yakaenda zake. Lengalenga ilitoka nyembamba, ikakauka. Mwaka ule mshahara haukufika kwa miezi mingi. Bustani ndiyo ingetulisha. Agosti tulikula majani ya kwenye matuta ya mama. Hakuniambia hata neno moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Darasani nilikuwa nafundisha rutuba ya udongo, watoto wananakili ubaoni, kumbe mimi mwenyewe nimeichoma moto.

Ilinipasa kukumbuka. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 tulikuwa vijana, na mashamba ya mbali tuliogopa kuyafikia. Matuta haya madogo ya mama ndiyo yalitufikisha tulipo.

Leo mama hawezi tena kuinama. Ikifika Mei anakaa kwenye kiti kidogo kandokando ya bonde, anaelekeza kwa fimbo, binti yangu analima. Mwalimu naye anabeba maji. Mwaka jana mtoto aliuliza: «Baba, mbona hii haimo kwenye kitabu chetu?» Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nimeandika.

Wenzangu walimu, nawaomba kitu kimoja. Likizo kubwa inaanza Julai, kazi hii inaanza Mei. Tuwapeleke wanafunzi bondeni mvua ingali inanyesha, wawatazame mama wazee, waulize, waandike. Wahenga walisema: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi mwaka ule nilingoja, na matumbo yalituuma nyumba nzima. Hata hawa mama wazee hawatatungoja siku zote.