Sindano ya Papa

Wiki hii ni zamu yetu kuandika, na tumekubaliana kuandika kosa letu.

Hapa Nakivale tuna jirani, mzee kutoka Bukavu. Sisi wote tunamwita Papa. Alipokimbia alibeba mfuko wa karatasi zake, gramafoni ndogo ya sanduku inayotumia betri kubwa za tochi, na santuri 31. Nyingi ni rumba ya miaka ya 60: Grand Kallé, Franco, Tabu Ley. Moja ilikuwa ya mke wake, ile waliyocheza siku ya ndoa yao. Mama mwenyewe alibaki Bukavu, kaburini.

Tarehe 20 mwezi wa 6 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na tulitaka muziki wa wazee. Tukamwomba Papa. Alikubali, ila alisema sindano imechoka, tusiiguse mpaka apate nyingine. Sisi tukaona ni wasiwasi wa wazee tu. Siku aliyokwenda zahanati, tukafungua sanduku tujaribu.

Sindano ikaruka. Mmoja wetu akaweka sarafu ya shilingi 500 juu ya kichwa chake ili kibonyee. Bado ikaruka. Ndipo tukaona kikono kidogo kinachogeuka, upande mmoja kimeandikwa 78. Kumbe kuna ncha mbili! Tukageuza, tukapongezana. Santuri iliyokuwa juu ni ile ya Mama.

Sauti ilitoka kama samaki kwenye mafuta ya moto. Tuliiacha icheze hadi katikati, Papa akaingia. Hakupiga kelele. Aliinua sindano, akapuliza vumbi jeusi lililoshika kwenye ncha, akasema: "Batoto bangu, hamuisikilize hii wimbo, munaichonga tu."

Usiku ule hatukulala vizuri. Kesho yake tukaanza kuchanga. Kuna aliyeuza kuku, kuna aliyetoa pesa ya bando. Wawili wetu wakapanda gari mpaka Mbarara. Fundi wa redio pale alikuwa mkweli: akasema kazi hii haijui, lakini kuna mzee Kampala, upande wa Katwe. Tukaenda.

Mzee yule akaweka lenzi jichoni, akaangalia muda mrefu, kisha akatuita tuangalie na sisi. Ncha ya sindano ni jiwe dogo kuliko punje ya mchanga. Zile za bei rahisi ni yakuti, za bei kubwa ni almasi. Yakuti inaisha upesi, almasi inakaa mamia ya saa. Jiwe likiisha linapoteza uduara wake, linakuwa na makali kama patasi, na kila ukicheza linakata ule mfereji wenye sauti. Sarafu yetu ilikuwa imeongeza uzito juu ya patasi. Na ile ncha ya 78? Ni ya santuri za zamani sana, zenye mfereji mpana. Unene wake ni kama mara tatu. Kwenye santuri ya Mama haikuweza kushuka ndani, ikawa inasaga kingo za juu.

Tukauliza: inatengenezeka? Akasema kichwa chenyewe ni kizima, kilichokufa ni ncha. Kuna mafundi Ulaya wanaobandika jiwe jipya kwenye kijiti cha zamani, lakini bei yake inanunua gramafoni nzima. Tulicheka kwa uchungu. Nchi yetu ina Mbuji-Mayi, almasi za viwandani zimetoka kule miaka na miaka, na sisi tunatafuta punje moja.

Mzee akafungua kopo la maziwa lililojaa vichwa vya gramafoni zilizokufa. Akapata sindano ya aina nyingine ambayo ncha yake ilikuwa bado nzuri. Akachonga kishikio chake kwa wembe mpaka kikakaa sawa kwenye kichwa cha Papa, akaweka tone la gundi, akatuambia tusubiri mpaka kesho. Tulilala kwa rafiki.

Papa alipojaribu, wimbo ulitoka safi. Zote 30 ziliimba, na tumezirekodi kwenye simu, ili sindano isifanye kazi kila siku. Ya 31 haikupona. Kufika katikati inakwaruza, sauti ya mwimbaji inazama, halafu inarudi. Sindano mpya haiwezi kurudisha kilichokatwa.

Tulimwomba msamaha sisi wote, tumesimama. Papa alinyamaza, kisha akatuambia tukae.

Kwa hiyo tunawaomba: kama kwenu kuna mzee mwenye santuri, akisema sindano imechoka, mwaminini. Msiweke sarafu. Msigeuze ncha. Tafuteni fundi kwanza, rekodini baadaye. Na nyinyi wa mashirika, mkitupa vyombo vibovu, waulizeni mafundi kwanza. Kopo la yule mzee ndilo lililotuokoa.

Jumapili jioni Papa bado anacheza ile ya Mama, mara moja tu. Ikifika pale inapokwaruza, anatuangalia na kusema: "Hapa ndipo muliingia."