Tulisema ni umeme

Seva ya seminari yetu ni moja, nayo hubeba mashine pepe tatu: katalogi ya maktaba, matokeo ya mitihani na tovuti. Sisi mafrateri wawili wa falsafa tuliamua kuipa mashine ya tovuti kadi yake yenyewe ya mtandao. Linux ilikataa, kwa kuwa kadi ile ilikuwa kundi moja la IOMMU na kidhibiti cha diski, na vifaa vya kundi moja haviwezi kugawanywa. Basi tukaweka kiraka cha ACS kinacholazimisha makundi yatengane, tukaijenga kerneli upya. Ruhusa hatukuomba.

Asubuhi hakuna mashine pepe iliyowaka. Ujumbe ulisema /dev/net/tun haipo. Kerneli ya zamani, ambayo ingetuokoa, tulikuwa tumeifuta ili kupata nafasi. Baba Mlezi alipouliza, tulijibu haraka: "Baba, ni umeme." Kweli, wiki ile ulikatika mara mbili.

Usiku mbili tulikilaumu kiraka. Usiku wa tatu tukakitoa, tukajenga kerneli bila kiraka. Kosa lile lile! Na muhula huu tunasoma mantiki.

Ili kufupisha kazi, tulikuwa tumetumia amri ya "make localmodconfig". Amri hiyo hubakiza moduli zile tu zinazotumika wakati huo, nyingine huziacha. Nasi, kwa tahadhari yetu kubwa, tulikuwa tumezima mashine pepe zote na kuiwasha seva upya kabla ya kuanza. Moduli ya tun huitwa mashine pepe zinapowaka. Kwa kuwa haikuwa kazini, ikaachwa nje. Tukairudisha, tukajenga tena, zote tatu zikawaka. Kiraka hatukukirudisha. Kinaiambia kerneli kwamba vifaa vimetengana, hata kama havijatengana.

Baba Mlezi alitusikiliza, kisha akasema tu: "Nendeni kwa fundi."

Fundi umeme wa nyumba, mzee wa watu, alikuwa ametumia alasiri nzima kufungua soketi za chumba cha seva kwa neno letu. Tulimkuta bustanini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mafrateri."

Tukamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo nyaya zangu ni nzima?"

"Nzima, mzee. Tusamehe."

"Nilimwambia Padri ni nzima," akasema. "Hakuniamini."