Jua Lilipozama Ndipo Tukaonana

Kuna picha moja ukutani kwetu ambayo kila mgeni akiingia lazima aiulizie. Mimi na mume wangu tumekaa kwenye meza ya watu wawili, nyuma yetu Ziwa Victoria limegeuka rangi ya chungwa, yaani kama kadi ya Valentine. "Jamani, nyie mnapendana!" wageni husema. Mimi hucheka tu. Mpenzi msomaji, picha ile ilipopigwa, mimi na mwenzangu tulikuwa hatujaongea jambo la maana kwa karibu miezi mitatu.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2019, miaka mitano kamili tangu tufunge ndoa. Wakati huo tulikuwa tunaishi ndoa ya simu. Mimi Dar na kazi yangu ya uhariri, yeye Bariadi, kwao, mwakilishi wa kampuni moja ya kununua pamba. Alikuwa ameacha kazi ya benki mjini ili arudi Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ukitokea Shinyanga na ambao kwa pamba hauna mpinzani. Tulikubaliana iwe misimu miwili, tupate hela ya kumalizia kiwanja chetu, kisha arudi. Msimu wa pili ulipoanza, simu zake zikawa fupi. "Mko salama? Watoto wamekula? Haya, usiku mwema." Basi.

Sisi wanawake wa magazeti tunajua dawa ya kila kitu, si ndiyo? Ni mara ngapi nimewaandikia hapa kwamba penzi likipoa, toka na mwenzio, badilisha mazingira? Nikaamua kunywa dawa yangu mwenyewe. Nikaweka meza kwenye hoteli moja ya kitalii kando ya Ghuba ya Speke, karibu na Lamadi. Jina nitalibana, msije mkasema nimelipwa. Ni eneo zuri bwana! Geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani, na mbele yako ni maji mpaka macho yachoke. Ghuba hiyo ina jina la yule Mwingereza John Speke aliyelifikia ziwa mwaka 1858. Yeye alikuja kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mimi nilikuja kumtafuta mume wangu.

Kulwa na Doto nikawaacha kwa mama yangu. Nikapanda ndege mpaka Mwanza, nikakodi gari, tukapita Magu hadi Lamadi. Yeye alitokea Bariadi, kilomita kama 70 za lami. Alifika amechelewa, shati limepigwa pasi vizuri lakini limemlegea mabegani. Alikuwa amekonda. Nikamkumbatia, akanikumbatia kama mtu anayeaga msibani.

Tukakaa. Mhudumu akaleta menyu. Mimi, bila aibu, nikaagiza sato mzima wa kukaanga. Baba Kulwa akaisoma menyu upande wa bei tu, nikamwona, halafu akasema, "Mimi supu inatosha."

Jamani! Mimi Mzaramo, Wasukuma ni watani zangu, nawajua. Msukuma hukataa vingi duniani, lakini si ugali na samaki kando ya ziwa! Ningekuwa na akili timamu ningeuliza pale pale. Badala yake nikatoa simu. Jua lilikuwa linashuka, mwanga umekaa vizuri, nikamwita mhudumu atupige picha. "Tabasamu basi, baba." Akatabasamu. Nikaituma kwa marafiki pale pale mezani, na kabla samaki hajafika pongezi zilikuwa zimeanza kumiminika. Huku moyoni nimeshahukumu: ana mwanamke Bariadi.

Saa moja kasoro jua likazama. Kwetu huku jua halina maringo, likishagusa maji ni dakika chache tu. Meza za jirani, karibu zote za wapendanao na watalii, zikaanza kuita bili. Walichokuja kuona kilikuwa kimekwisha. Na mimi nikataka kuita yetu, maana bila ile rangi ya chungwa tulibaki watu wawili na mshumaa, na hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Ndipo taa zikaanza kuonekana ziwani. Kwanza moja, mbali. Kisha tano. Baada ya nusu saa ilikuwa kama mji mzima umejengwa juu ya maji. Nikamuuliza mhudumu ni kisiwa gani kile.

"Si kisiwa, dada. Ni wavuvi wa dagaa. Leo hakuna mwezi, ndiyo siku zao. Wanawasha taa, dagaa wanaifuata, wanatupa nyavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, maana dagaa wanatawanyika."

Mhudumu alipoondoka, nikamgeukia mume wangu. Sikuwa naiona sura yake vizuri, na labda hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri.

"Baba Kulwa, kama kuna mtu mwingine niambie nijue."

Akacheka, kicheko kibaya. "Mtu mwingine? Wako kama thelathini. Wanakuja mlangoni kwangu kila asubuhi."

Akaanza kusema. Msimu ule bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na huku bei ya soko la dunia imeporomoka. Pamba ilikuwa inapita kwenye AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika. Mkulima anapima, anapewa stakabadhi, hela inafuata. Mwaka ule hela haikufuata. Kampuni zilichelewa kulipa, yake ikiwemo, na sura ambayo wakulima wanaijua si ya kampuni, ni yake. Kijana wao. Alfajiri wanafika, hawagombi, hawatukani. Wanasema "Mwangaluka," naye anaitikia "Mhola," kwamba kwema, kisha wanakaa kwenye mti uani na kusubiri.

"Ungenitukana ningevumilia," aliniambia. "Lakini mtu anakusalimia kwa heshima, na mtoto wake amerudishwa shule kwa kukosa sare, na wewe unamjibu kwema?"

Akanyamaza. Kisha akamalizia. Alikuwa amewalipa baadhi yao, wajane na shangazi yake mmoja, kwa hela ya kiwanja chetu. Milioni nane.

Sitawadanganya kwamba nilimshika mkono. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Hela ilikuwa yetu wote wawili, na sehemu kubwa ilikuwa ya mishahara yangu. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo hoteli ya aina ile haijaizoea. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Lakini nilipotafuta neno la mwisho la kumchoma, nililolipata lilikuwa hili: "Miezi mitatu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Kila ukipiga simu unasema hiki chakula cha jioni. Ningekwambiaje?"

Hapo na mimi ikabidi nifungue mkoba. Ndege, gari, chumba, yule sato, vyote vilikuwa mkopo wa SACCOS ya ofisini, shilingi laki sita, na sikumwambia kwa sababu nilitaka jioni ionekane ya raha. Tulikuwa watu wawili wenye madeni, tumekaa mbele ya ziwa tukipigana picha. Akaniangalia. Nikamwangalia. Sijui nani alianza kucheka.

Akamvuta sato wangu, amepoa kabisa, akaagiza ugali. Tulikula kwa mikono mpaka hoteli inafungwa.

Msidhani mambo yalinyooka asubuhi yake. Kampuni ilikuja kulipa, wale aliowalipa wakamrudishia mmoja mmoja, wengine nusu, wengine walichoweza. Kiwanja cha Dar kikachukuliwa na mtu mwingine. Mwaka mzima kila tukigombana ile milioni nane ilirudi mezani, na nimeitumia kumchoma zaidi ya mara moja. Lakini hatukurudi tena kwenye simu za "watoto wamekula".

Basi ushauri wangu, mpenzi msomaji, ni mmoja tu. Mpeleke mwenzio mahali pazuri, mfuko ukiruhusu. Kaeni saa moja kabla jua halijazama, pigeni picha zenu, hazina ubaya. Ila jua likizama msiite bili. Agizeni chai, simu iwekwe kifudifudi, mkae. Mandhari huwasaidia wapenzi wasitazamane, na ikiisha ndipo kazi mliyoijia inapoanza.

Mwaka 2022 tulinunua kiwanja kingine, kidogo, nje kidogo ya mji wa Bariadi, tukajenga vyumba viwili. Hakuna ziwa. Jioni barazani unaona shamba la pamba la jirani, na giza likiingia huoni hata hilo. Tunakaa hivyo hivyo.