Nani Alipe Gharama ya Kujaribu?

Sisi tulioolewa na mafundi tunajua jambo moja ambalo wengi hawalioni: mashine ambayo haijakamilika hula mezani pamoja na watoto. Inakula mabati, vyuma, vijiti vya kuchomelea na umeme. Haishibi, wala hairudishi hata senti, kwa kuwa bado hakuna wa kuinunua.

Mtaani kwetu hapa Morogoro tuko wanawake wanne ambao waume zetu wana karakana ndogo. Milango na madirisha ndiyo yanayotulisha. Lakini kwa miaka mitatu sasa mafundi hawa wanne wamekuwa wakijaribu pamoja kutengeneza kikaushio cha jua, chenye feni ndogo, kwa ajili ya akina mama ambao nyanya na maembe yao huozea sokoni. Kikaushio cha kwanza kilikausha trei za juu, za chini zikabaki na unyevu. Cha pili kilibabua mboga hadi zikapoteza rangi. Cha tatu kinafanya kazi vizuri, ila kwa bei yake hakuna mama wa sokoni anayekiweza. Na kila kimoja kilitengenezwa kwa fedha iliyokuwa na kazi yake tayari: ada, sare za shule, kodi ya nyumba.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu waume zetu. Fundi wa mlango anajua tangu asubuhi atatumia chuma kiasi gani na jioni atalipwa nini. Fundi wa kitu kipya hajui. Hana budi kujaribu, kukosea, kubomoa na kuanza upya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Swali letu ni moja tu: gharama ya kujaribu ilipwe na nani? Nyumbani kwetu imelipwa na sufuria.

Mfano wa jibu tuliupata mahali ambapo hatukutazamia, yaani kliniki ya watoto. Mmoja wetu alimpeleka mwanawe kupata chanjo, akamwuliza muuguzi kwa nini anaichungulia chupa kabla ya kuitumia. Muuguzi akamwonyesha kibandiko kidogo chenye duara la zambarau, na ndani yake mraba wa rangi hafifu. Kadiri chupa inavyopata joto ndivyo mraba unavyozidi kuwa mweusi, na haurudi nyuma hata chupa ikipozwa tena. Mraba ukifanana na duara, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hiyo haifai tena na chupa hutupwa.

Akina mama, tufikirie maana yake. Zamani muuguzi wa zahanati ya mbali hakuwa na njia ya kujua kama chupa iliyo mkononi mwake iliwahi kupata joto njiani. Aliweza kutupa chanjo nzima kwa wasiwasi tu, au kumpa mtoto chanjo iliyokwisha kuharibika. Mama angerudi nyumbani akishukuru kwamba mwanawe amekingwa, kumbe hakukingwa.

Tulipofuatilia habari za kibandiko hiki, tulishangazwa na muda uliotumika. Shirika la PATH la mjini Seattle, Marekani, lilianza kushughulikia jambo hili mwaka 1979. Kampuni ndogo ya LifeLines, ya jimbo la New Jersey, ndiyo iliyotengeneza kibandiko chenyewe. Vikaanza kuwekwa kwenye chupa za chanjo ya polio ya matone mwaka 1996. Hiyo ni miaka 17! Kazi hiyo ndefu ya utafiti na majaribio ilisaidiwa na fedha za serikali ya Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID. Tukaulizana: ni karakana gani ya mtaani kwetu, ni familia gani, ingeweza kungoja miaka 17?

Serikali hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kulitambua tatizo hili nyumbani kwake. Mwaka 1977 taasisi yake ya taifa ya sayansi ilianza mpango wa ruzuku za utafiti kwa kampuni ndogo, ulioongozwa na Bwana Roland Tibbetts. Mwaka 1982 mpango huo ukawa sheria. Kila idara kubwa ya serikali yenye bajeti nono ya utafiti iliagizwa kutenga sehemu yake kwa ajili ya kampuni ndogo. Walianza na asilimia 0.2 tu, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa asilimia 3.2.

Utaratibu wake unaeleweka hata jikoni. Kwanza hutolewa fedha kidogo ili kupima kama wazo linawezekana. Likionyesha dalili njema, hutolewa fedha zaidi za kutengeneza na kujaribu. Hatua ya tatu ni ya kuingia sokoni, na hapo kampuni hutafuta fedha kwingine. Ruzuku hiyo si mkopo, na serikali haichukui hisa katika kampuni. Mawazo mengine hufia hatua ya kwanza, lakini nyumba ya mtu haiuzwi kwa sababu hiyo. Mengine hukua sana. Kampuni ya Qualcomm, iliyoanzishwa San Diego mwaka 1985, ilipata ruzuku kama hizo ilipokuwa changa. Leo vifaa vyake vimo ndani ya simu nyingi duniani.

Je, huku kwetu? Milango ipo, ingawa si mipana. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Ipo SIDO, inayohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Mwaka 2019 yalianzishwa mashindano ya taifa ya ubunifu, MAKISATU. Kwa wenzetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliunda wakala wa ubunifu na mfuko wa taifa wa utafiti.

Kuna kazi ambayo sisi wake tunaweza kuifanya hata kabla ya kugonga milango hiyo. Sisi wanne tumeanza kwa kununua daftari. Kila jaribio linaandikwa: tarehe, vifaa, gharama, kilichofaulu na kilichoshindikana. Anayetoa fedha za utafiti atataka kujua ni shida gani inayotatuliwa, nini kimekwisha kujaribiwa na nani atakitumia kifaa hicho. Fundi anayo majibu yote kichwani, ila kichwa hakiambatanishwi na barua ya maombi! Pili, risiti zote zinatunzwa katika bahasha moja, mbali na fedha za nyumbani. Tatu, hatumpi chochote mtu anayedai kwamba atatupatia ruzuku tukimtoa kidogo kwanza. Nne, tunauliza BRELA jinsi ya kulinda uvumbuzi kabla ya kuuonyesha kwa kila mtu. Kenya wanao KIPI kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, daftari letu halitatosha ikiwa mfuko wenyewe ni mtupu. USAID, iliyosaidia kile kibandiko cha chanjo, ilifungwa tarehe 1 Julai 2025. Fedha ya mwenzako ni yake, akiamua kufunga mkoba hufunga. Ndiyo maana inatupasa sisi akina mama, tunaolipa kodi kila tununuapo sabuni, kuwauliza wabunge wetu: katika bajeti ya mwaka huu, fungu la wavumbuzi wadogo ni kiasi gani, na limefika wangapi mikoani?

Kuuliza hivyo si kujiingiza katika mambo ya wanaume. Aliyeigawa fedha ya ada mara mbili, nusu shuleni na nusu karakanani, ana haki ya kuuliza. Na siku utakapompeleka mtoto kliniki, mwombe muuguzi akuonyeshe ule mraba mdogo. Ni matunda ya fedha ya umma iliyokubali kungoja.