Barua ya Mjomba kwa Mpwa: Flashi ya Kusakinishia Mfumo kwenye Kompyuta ya Zamani

Flashi ya kusakinishia mfumo si flashi iliyowekewa faili la mfumo. Anayepakua faili hilo, liitwalo ISO, na kulibandika kwenye flashi kama anavyobandika nyimbo au picha za harusi hupata flashi iliyojaa lakini bubu, kwa kuwa kompyuta haiwezi kuwakia hapo. Yaliyomo ndani ya ISO lazima yaandikwe upya juu ya flashi kwa programu maalumu, pamoja na sehemu ile ya mwanzo kabisa ambayo mashine huitafuta kabla haijajua hata faili ni nini. Tena flashi hiyo huandaliwa kwa kipimo cha mashine itakayoisoma, wala si kwa kipimo cha ile inayoiandika. Wengi wanaokwama hukwama hapo: huandalia flashi kwenye kompyuta mpya, wakakubali kila chaguo lililowekwa na programu, kisha wakailaumu kompyuta ya zamani kuwa imekufa.

Laptopu aliyoachiwa mpwa na babu yake, Dell Latitude E6400, inatosha kuwa mfano. Mashine za namna hiyo, zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya na Marekani, zimekuwa zikifika Afrika Mashariki kama mitumba kwa miaka mingi. E6400 ilitoka mwaka 2008 ikiwa na prosesa ya Core 2 Duo, na inapokea RAM ya DDR2 hadi GB 8. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai UEFI na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo mashine ya 2008 haina. Hilo halimaanishi kwamba kompyuta imefika mwisho. Kibodi yake ni imara kuliko za laptopu nyingi za bei rahisi za leo, na Linux inaendeshwa juu yake vizuri kwa kuandika, kusoma, hesabu za duka na masomo ya programu. Kuitupa ingekuwa hasara.

Kabla ya kupakua chochote, kompyuta ya zamani huulizwa mambo mawili. La kwanza ni kama prosesa yake ni ya biti 64 au 32. Core 2 Duo, iliyotoka katikati ya 2006, ni ya biti 64. Core Duo isiyo na namba 2, iliyotangulia miezi michache tu mwaka huohuo, ni ya biti 32, na vivyo hivyo Atom N270 ya laptopu ndogo za 2008. Majina yanafanana mno, kwa hiyo ni vizuri kusoma jina kamili ndani ya mashine yenyewe badala ya kutegemea stika iliyobandikwa nje. Debian 13, mfumo wa Linux uliotoka Agosti 2025, haitoi tena kisakinishi cha biti 32. Mwenye mashine ya aina hiyo hutumia Debian 12 ya mwaka 2023, ambayo bado inacho. Kwa E6400, toleo la Linux Mint lenye eneokazi jepesi la Xfce linafaa. Mint yenyewe inataka RAM ya GB 2 na kupendekeza GB 4.

Jambo la pili ni namna mashine inavyowaka, na hapa haifai kuwa na haraka. Kompyuta za zamani huwaka kwa BIOS, utaratibu uliotoka kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. BIOS haina habari na mafolda. Huichukua diski au flashi, ikasoma kipande chake cha kwanza chenye baiti 512, na kuangalia kama baiti mbili za mwisho ni alama iliyokubaliwa. Ikiiona, hukabidhi kazi kwa programu ndogo iliyomo humo, ambayo ina nafasi ya baiti 446 tu. Baiti 64 zinazobaki ni jedwali la sehemu za diski. Mpangilio huo huitwa MBR. UEFI, iliyoenea kwenye kompyuta za kawaida tangu enzi za Windows 8 mwaka 2012, hufanya kazi kwa njia nyingine: huingia kwenye sehemu iliyofomatiwa kwa FAT, ikafungua folda la EFI, ikatafuta humo faili lenye jina maalumu, na kwa kawaida huambatana na mpangilio wa GPT. Flashi iliyoandaliwa kwa GPT na UEFI peke yake, ikichomekwa kwenye E6400, haina kinachoonekana na BIOS. Skrini huandika tu kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, na mtu huanza kubadilisha flashi moja baada ya nyingine wakati kosa ni chaguo moja lililokosewa mwanzoni.

Kupakua ISO ya karibu GB 3 kwa bando ni gharama, na mtandao ukikatika katikati faili linaweza kubaki pungufu bila dalili yoyote ya nje. Kwenye Linux amri ya wget yenye alama -c huendelea pale ilipokatikia, na torenti hufanya vivyo hivyo. Faili likishafika halijawa la kuaminika. Watengenezaji huchapisha pamoja nalo alama ya SHA256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao hubadilika kabisa hata baiti moja ya faili ikibadilika. Amri ya sha256sum kwenye Linux, au certutil kwenye Windows, hukokotoa alama ya faili lililopakuliwa, na mbili hizo hulinganishwa. Wako wanaoona hatua hii ni ya wasiwasi mtupu. Lakini tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuelekeza kiungo cha toleo la 17.3 kwenye ISO yao, iliyofichwa mlango wa nyuma ndani yake. Waliopakua kupitia kiungo hicho walidhani wamechukua kitu kutoka kwa mwenyewe. Kwa sababu mwizi wa tovuti anaweza kubadilisha na alama iliyoandikwa humo, Mint na Debian hutia pia saini ya kidijitali kwenye orodha ya alama, inayohakikiwa kwa programu ya GPG. Dakika kumi zinazotumika hapo ni chache kuliko siku nzima ya kuanza upya.

Flashi ya GB 8 inatosha. Tatizo kubwa zaidi ni flashi feki, zinazojitangaza kuwa za GB 64 ilhali ndani zina uwezo wa chini sana. Data inayozidi uwezo halisi hupotea kimyakimya. Programu za H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux huijaza flashi nzima kisha huisoma tena, na hapo ukweli hujulikana. Flashi iliyonunuliwa kando ya barabara ipimwe kabla ya kupewa kazi hii.

Kwenye Windows, uandishi hufanywa kwa Rufus. Huchaguliwa flashi, kisha ISO, halafu kwenye mpangilio wa sehemu huwekwa MBR badala ya GPT. Chaguo hilo moja ndilo linaloiwezesha E6400 kuiona flashi. ISO za Mint na Debian zimetengenezwa ziweze kuwasha pande zote mbili, BIOS na UEFI, kwa hiyo MBR haimnyimi kitu mwenye mashine mpya. Kwenye Linux amri ya dd huandika ISO moja kwa moja juu ya flashi nzima, yaani, kama jina la flashi ni sdb, juu ya sdb na si juu ya sehemu yake sdb1. Amri hiyo hutii bila kuuliza swali, na herufi moja ikikosewa hufuta diski ya kompyuta inayofanyiwa kazi. Kwa hiyo orodha ya diski husomwa kwa lsblk mara mbili, bila flashi na ikiwa imechomekwa, hadi ijulikane bila shaka ipi ni ipi.

Wakati wa kuwasha, E6400 hubonyezwa F12 mara nembo ya Dell inapotokea, na menyu ya kuchagua kifaa hufunguka. Laptopu nyingi za HP hutumia F9, na ThinkPad hutumia F12. Flashi ichomekwe kwenye tundu la mashine yenyewe, bila kupitia kigawanyo cha USB. Tarehe iangaliwe pia: betri ndogo ya saa ikiisha, mashine hurudi miaka mingi nyuma, na tovuti salama hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao huonekana kama bado havijaanza kutumika.

Mint hufunguka kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo hujaribiwa Wi-Fi, sauti, kibodi na kamera. Hapo pia ndipo picha na barua za babu zilizomo kwenye diski ya zamani hunakiliwa kwenye diski ya nje, na nakala zifunguliwe moja moja kuhakikisha zinasomeka, maana kisakinishi kikishaambiwa kifute diski hakirudishi kitu. Betri ya laptopu ya umri huo kwa kawaida haishiki chaji, hivyo kazi ianze wakati umeme umetulia, ikiwezekana mchana. Mwishoni kisakinishi huomba mashine izimwe na kuwashwa upya. Flashi huchomolewa kinapoelekeza, na mfumo mpya huwaka kutoka kwenye diski yake. Sasisho la kwanza lifanywe siku hiyohiyo, na flashi itunzwe pamoja na karatasi yenye jina la toleo na tarehe iliyoandikwa.

Mjomba