Taya Linauma? Kanda Kwanza, Mashine Baadaye

Leo naweka kando programu na seva, nizungumzie taya. Usicheke. Sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tuna tabia ya kukaza meno bila kujua, hasa programu inapogoma na mteja anapiga simu kila nusu saa. Mwaka jana taya langu la kulia lilianza kualika kila nikipiga miayo. Kisha yakaja maumivu mbele ya sikio, na kutafuna mahindi choma kukawa adhabu.

Kliniki moja (jina nalihifadhi) ilinipa njia mbili: nisagwe meno kidogo ili yakutane vizuri, au nilipie vikao kumi vya mashine ya joto. Bei ya vikao ilikaribia kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kabla ya kutoa hata shilingi, nikataka kujua hiyo mashine inafanya nini hasa.

Tuanze na kiungo chenyewe. Weka kidole mbele ya sikio, fungua mdomo, funga. Umesikia kitu kikisogea? Hapo ndipo taya la chini linapokutana na fuvu, na katikati kuna kisahani kinachozuia mifupa isisagane. Kiungo hiki huzunguka kama bawaba, kisha huteleza kwenda mbele. Tena viko viwili, na kimoja hakiwezi kusogea bila mwenzake. Lakini mara nyingi kinachouma ni misuli, hasa ule mnene wa shavuni. Kaza meno utauhisi ukituna. Ukiukaza kutwa nzima, utauma kama miguu ya mtu aliyepanda ngazi ghorofa ishirini.

Sasa mashine. Moja hutumia mawimbi ya redio ya 27.12 MHz. Nyingine hutumia mawimbi ya 2450 MHz, eneo lile lile la masafa linalotumiwa na Wi-Fi na oveni ya maikrowevu. Hii si bahati nasibu. Mwaka 1947, kwenye mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, yalitengwa masafa ya viwanda, sayansi na tiba, ili mashine hizi zisivuruge redio za watu. Aina ya tatu hutumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, 1 MHz au 3 MHz. Ya 1 MHz huzama zaidi, ya 3 MHz huishia karibu na ngozi. Zote tatu zinatafuta kitu kimoja: kupasha joto nyama iliyo ndani bila kuunguza ngozi.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu joto la kitambaa haliendi mbali. Damu yetu inafanya kazi kama feni ya kompyuta: ukipasha ngozi, mishipa inapanuka, damu inakuja na kulibeba joto. Chini ya sentimita moja au mbili hivi linakuwa limeisha nguvu. Kama kinachouma ni nyonga, iliyofunikwa na nyama nyingi, kitambaa hakifiki.

Lakini taya si nyonga! Msuli wa shavuni uko chini tu ya ngozi, na kiungo chenyewe umekigusa kwa kidole sasa hivi. Hoja ya kuzama ndani, iliyo nzito kwa nyonga, kwa taya ni nyepesi. Nikaamua kuanza na taulo.

Na kusagwa meno je? Hapo historia ilinitisha. Marekani, katika miaka ya 1980, wagonjwa wengi waliwekewa tayani vipandikizi vya kampuni ya Vitek vyenye Teflon. Vilimeguka, mwili ukashambulia vile vipande, na mifupa ikaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya FDA iliviondoa sokoni, wengi wakiwa wameshaumia. Kusaga meno si upasuaji, najua, lakini jino lililosagwa halirudi. Nao mwongozo uliotolewa na jarida la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya ulitanguliza mazoezi ya taya, kukandwa misuli na tiba ya kuzungumza na mtaalamu, si visu. Mimi kwenye seva sianzi na amri isiyoweza kutenguliwa. Kwa nini nianze nayo mdomoni?

Basi nilifanya hivi. Taulo ndogo, maji ya moto, nikamua, nipime kwa mkono kwanza, kisha niweke shavuni dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni. Baada ya hapo nafungua na kufunga mdomo polepole. Miwa na nyama ngumu nikaziacha, nikala ugali na mboga laini. Wiki ya tatu maumivu yalikuwa yamepungua sana. Kule kualika bado kupo, na joto halidai kukiponya kisahani. Kualika kusikouma mara nyingi hakuhitaji tiba.

Tahadhari, tafadhali. Usikande moto penye jipu la jino, wala palipovimba baada ya kugongwa. Hapo barafu kwanza. Mwenye ganzi usoni asitumie, ataungua bila kujua. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo akae mbali na mashine za mawimbi ya redio. Taya likifunga kabisa, nenda ukaonwe. Na maumivu ya taya yakija pamoja na kubanwa kifua au jasho jembamba, huo huenda ni moyo: kimbia hospitali, achana na taulo.

Haya, birika liende jikoni. Na kwa sasa midomo ifunge, ila meno ya juu na ya chini yasigusane. Ndivyo taya linavyopumzika.