Petey Greene: Mtangazaji asiye na haya aliyewaondolea watu aibu

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa redio. Yake ilikuwa ya betri nne, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni aliitundika kwenye msumari barazani kwake Morogoro, majirani wakasogeza mabenchi. Alipenda watangazaji wenye mdomo. Mtangazaji akianza kusoma kama barua ya serikali, mjomba alibadilisha stesheni.

Alifariki kwa ugonjwa wa ini. Kwa miezi mingi, kila nilipomuuliza kwa nini anakonda, alinijibu, "Ni vidonda vya tumbo tu, mama, usiwe na wasiwasi." Mimi mwandishi wa habari za afya, niliyewahi kujaza ukurasa mzima kuhusu pombe na homa ya ini, nilikuwa wa mwisho kujua. Aliyasoma niliyoandika. Nadhani ndiyo maana alinificha.

Nilimkumbuka sana nilipokwenda Washington, Marekani, kwa mafunzo ya wiki mbili. Jumamosi hatukuwa na kipindi. Mwenyeji wangu akaniambia kwamba kama nataka kujua jinsi redio inavyoweza kuushika mji, nipande treni niende Mtaa wa U, nitafute mtu mzima yeyote wa zamani na nimtajie jina moja: Petey Greene.

Mtaa wa U

Mtaa wa U ulikuwa kitovu cha maisha ya Wamarekani weusi wa Washington enzi za ubaguzi, wenye kumbi za muziki, maduka na ofisi zao wenyewe. Siku hizi una maghorofa mapya na migahawa ya kahawa ambayo bei zake zilinifanya niombe maji tu. Lakini Ben's Chili Bowl bado ipo. Ilifunguliwa mwaka 1958 na Ben Ali, mhamiaji kutoka Trinidad, na mkewe Virginia. Unapewa mkate na soseji, juu yake wanamwagia mchuzi mzito wa nyama wenye pilipili. Unakula huku unajifuta.

Meza ya jirani alikaa mama wa makamo ya bibi yangu. Nilipotaja jina lile alicheka kabla sijamaliza swali. Akanisimulia kwamba nyumbani kwao watoto walikatazwa kumsikiliza Petey, kwa kuwa matusi yalikuwa hayako mbali na ulimi wake. Lakini saa ya kipindi ikifika, baba yao mwenyewe aliongeza sauti, madirisha yakiwa wazi. Watoto walikaa kimya ngazini wakasikiliza kila neno. Majirani nao walikuwa kwenye stesheni hiyohiyo, kwa hiyo ukitembea mtaani hukupitwa na sentensi.

Alianzia gerezani

Ralph Waldo Greene, maarufu kama Petey, alizaliwa Washington mwaka 1931 na kulelewa na bibi yake katika eneo la Georgetown. Leo ukipita Georgetown utadhani ni mtaa wa mabalozi na wenye pesa tangu zamani, lakini wakati ule walikuwapo weusi wengi maskini. Petey aliacha shule, akaingia jeshini, akarudi na mazoea ya pombe na dawa za kulevya. Mwaka 1960 alifungwa kwa wizi wa kutumia silaha katika gereza la Lorton, jimbo la Virginia, kwa hukumu ya miaka kumi.

Huko ndiko alikojifunza kazi. Bibi alimpelekea santuri, naye akawa mtangazaji wa redio ya ndani ya gereza. Jinsi alivyotoka ni kisa ambacho kila mzee niliyekutana naye alitaka kunisimulia upya. Mwaka 1966 alimshawishi mfungwa mwenzake apande mnara wa maji na kutishia kujirusha, kisha yeye Petey akajitokeza kumbembeleza ashuke. Wakuu wa gereza wakamwona mwokozi, na haikuchukua muda akaachiwa kwa masharti. Baadaye aliwachekesha watu kwa kusema kwamba kazi haikuwa kumshusha yule bwana. Kazi ilikuwa miezi sita ya kumshawishi apande.

Aliajiriwa na Dewey Hughes katika kituo cha WOL. Hughes huyo na mkewe wa wakati huo, Cathy, walikuja kukinunua kituo hicho mwaka 1980, na kampuni iliyozaliwa hapo ikaitwa Radio One. Haina undugu na Radio One yetu ya Mikocheni.

Petey hakuwapaka wasikilizaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwasema wanasiasa kwa majina, akawasema weupe wabaguzi, kisha akawageukia weusi wenzake waliokimbilia makuu na kuwasahau waliobaki mtaani. Lakini mtu aliyemsema zaidi ya wote ni yeye mwenyewe. Aliutaja ulevi wake na jela yake hewani. Hata alipoalikwa Ikulu ya Marekani mwaka 1978 kwenye dhifa ya Rais Tito wa Yugoslavia, alitoka akijigamba kwamba ameiba kijiko.

Usiku mmoja mdomo huo ulihitajika kuliko siku zote. Tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King aliuawa Memphis, na Washington ikawaka moto. Ghasia zilianzia kwenye makutano ya mitaa ya 14 na U, hatua chache kutoka nilipokuwa nimekaa na soseji yangu. Petey anatajwa miongoni mwa waliosaidia kutuliza watu kupitia redio. Yule mama alinieleza kwamba viongozi wengi walisema maneno mazuri zaidi siku zile, ila Petey alikuwa na hasira kama ya kwao, ndiyo maana aliposema watu warudi nyumbani, nyumbani kwao walimsikia.

Ng'ambo ya mto

Mchana nikapanda tena treni ya mstari wa kijani. Inapita chini ya mto Anacostia na kukutoa upande wa kusini mashariki, ambako maghorofa ya vioo yanapungua na nyumba za matofali zenye vibaraza zinaanza. Katika Barabara ya Martin Luther King kuna kituo cha huduma za jamii chenye jina la Petey Greene. Pia uko mpango unaopeleka watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi wa vyuo, kufundisha wafungwa, nao umepewa jina lake. Mwenyewe alishiriki kuanzisha shirika la kuwasaidia waliotoka jela.

Kwenye kituo cha basi nilikaa na mzee mwenye fimbo. Aliniambia naye aliwahi kukaa Lorton. Alipotoka alikuwa akidanganya kila mahali, kwamba alikuwa kwa ndugu zake kusini. Siku aliyomsikia mtu redioni akisema mimi nilikuwa mfungwa, mimi ni mlevi, na sasa nasema nanyi, alizima redio akakaa muda mrefu. Kesho yake akamweleza mwajiri ukweli. Nilimuuliza kama alipata kazi ile. Hakuipata. Lakini alisema tangu siku hiyo usingizi wake ulirudi.

Petey alikuwa na kipindi cha televisheni pia, kilichompatia tuzo za Emmy. Kipande kinachokumbukwa zaidi ni kile anachofundisha kula tikiti maji. Kwa miaka mingi weusi wa Marekani walichorwa katuni za dharau wakila tunda hilo, hadi wengine wakaona haya kulila mbele za watu. Petey akaliweka mbele ya kamera, akadharau uma na kisu, akala kwa mikono, maji yakimchuruzika. Nilipokitazama usiku ule hotelini nilikumbuka vipande vya tikiti tunavyonunua barabarani na kula tumesimama, tumeinama ili nguo zisilowe. Kumbe kwa wengine hilo lilihitaji ujasiri.

Ini halisemi mapema

Petey Greene alifariki tarehe 10 Januari 1984 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 52. Watu walipanga mstari kwenye baridi kumuaga. Wanaokadiria kwa uchache husema 10,000. Mwaka 2007 ikatoka filamu ya maisha yake, Talk to Me, na Don Cheadle ndiye aliyemwigiza.

Simtaji kama mfano wa kuigwa katika afya. Pombe kwa miaka mingi huliharibu ini na kuongeza hatari ya saratani, na virusi vya homa ya ini aina ya B na C hufanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba ini huvumilia kimya. Mtu akianza kuvimba tumbo na macho kuwa ya njano, mara nyingi muda umekwenda. Kipimo cha homa ya ini ni cha damu, na aina ya B ina chanjo.

Hayo niliyaandika zamani, na mjomba aliyasoma. Sikumwandikia mtu kama yeye. Niliandika kama barua ya serikali, na yeye alibadilisha stesheni. Aliona humo hukumu ya walevi, akachagua vidonda vya tumbo.

Kama nyumbani kwako yupo baba, mjomba au shangazi anayekonda na kusingizia jambo dogo, usianze na karipio. Anza na la kwako. Mwambie unachoogopa wewe, mwambie nawe hujapima, kisha mwende wote. Jumatatu niliyorudi Dar es Salaam nilikwenda kupima homa ya ini, kisha nikampigia simu mama yangu, dada wa marehemu, nikamweleza kwamba niliogopa sana kukaa kwenye lile benchi.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza wanafungua saa ngapi.